Siku Mbogo Alipovuliwa Lamu Zake

Harufu ya sudire ndiyo iliyoniamshia kumbukumbu hizi. Sudire ni ule moto wa umeme wa kuunganisha chuma na chuma, na harufu yake haifanani na ya moto mwingine: ni kana kwamba mtu amekaanga misumari katika mawese yaliyoungua. Wiki hii imekuwa ikiingia dirishani mwangu kila siku, kwa sababu Baba yuko tena kwenye kazi niliyoiona mara ya kwanza nikiwa mtoto, kazi ya kulivua gari la zamani lamu zake na kulivika resori. Na tangu aanze, mimi nimekuwa silali.

Najua mtasema ni masomo. Hapa Kasongo wananiambia hivyo kila siku: huyu alikwenda chuo kikuu akarudi na diploma na wasiwasi, diploma haijapata kazi, wasiwasi umeshapata. Sibishi. Mimi ni mtu wa kuwaza njia zote ambazo chai inaweza kumwagika kabla sijainua kikombe. Lakini safari hii jambo lililoninyima usingizi lilikuwa dogo, naweza kulisema kwa maneno matatu. Baba hakuvua saa.

Ili mnielewe, inabidi niwarudishe kwa Mbogo.

Nilikuwa darasa la tatu. Garaji ya Baba ilikuwa palepale ilipo leo, mwisho wa mji, kando ya njia ya Kabambare: mabati juu ya miti, ardhi nyeusi kwa mafuta ya injini, na kuku wa Mama ambao miguu yao haikuwahi kuwa safi. Mbogo alikuwa gari la porini la zamani sana, la rangi ambayo hapo kale ilikuwa kijani, lenye uso mpana na taa moja iliyolegea kama jicho la mlevi. Mwenyewe alikuwa Koko Zaituni. Koko ndivyo tunavyomwita nyanya, na Koko Zaituni alikuwa nyanya wa nusu ya mji: mjane wa ukoo mmoja wa zamani wa Waislamu wa Kasongo, mwenye duka la vikwembe, yaani vitenge, na mchele, na mdomo ambao wanaume waliuzunguka kwa adabu kama wanavyozunguka shimo la barabarani.

Dada yake wa tumbo moja alikuwa mgonjwa huko Kabambare. Habari zililetwa na vijana wa pikipiki, na kila habari ilikuwa fupi kuliko ile iliyotangulia. Koko alitaka kumwona dada yake angali anamtambua, basi. Lakini kiuno chake kilikuwa kibovu. Pikipiki hakuiweza, na Mbogo alimwumiza kuliko pikipiki. Alijaribu kwenda naye, akarudishwa kabla ya kufika Lusangi, amelala juu ya magunia, akitukana njia na wote walioilima.

"Hii motokari yangu iko inanipiga fimbo," alimwambia Baba. "Kila shimo, fimbo. Nimekosa nini mimi, mutu muzima?"

Kosa lilikuwa la lamu. Lamu ni vipande bapa vya chuma vilivyopinda, vimelaliana kutoka kirefu hadi kifupi kama majani ya mgomba yaliyopangwa sokoni, na kila gurudumu lina fungu lake. Zinabeba mzigo mzito bila kulalamika, ila kila jiwe la njiani hulifikisha moja kwa moja kwenye uti wa mgongo wa abiria. Magari yaliyokuja baadaye yana resori: chuma kimoja kinene kilichozungushwa kama nyoka aliyejikunja, kinachoshuka na kupanda taratibu. Musafiri, mjukuu wa Koko, alikuwa amepata mzoga wa gari la namna hiyo huko Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, akauleta juu ya lori. Baba aliuzunguka mzoga ule siku nzima, mikono nyuma, kama mtu anayemchunguza ng'ombe wa mahari. Jioni akasema inawezekana. Atakata vikalio vya resori kwenye mzoga, avichomelee kwenye Mbogo, na atahamisha hata mihimili ya magurudumu.

Mji mzima ukafurahi. Mimi ndiye sikufurahi, na sababu ilikuwa desturi.

Katika garaji yetu kulikuwa na desturi ambayo Baba aliirithi kwa fundi aliyemfundisha. Gari likibadilishwa kitu cha chini, kitu kinachobeba watu, basi safari yake ya kwanza mtoto wa fundi hupanda kiti cha mbele, na hashuki mpaka lifike. Hakuna aliyeieleza. Ilikuwepo tu, kama kunawa mikono kabla ya kula. Kaka yangu Omari alikuwa amepanda mara kadhaa na akawa anatembea shuleni kama mjumbe wa serikali. Lakini mwaka ule Omari alikuwa Kindu kwa mjomba. Zamu ilikuwa yangu.

Na kulikuwa na saa. Baba alivaa saa ya chuma yenye kioo kilichopasuka. Kazi ndogo aliifanya nayo mkononi. Kazi ya kweli ilipofika, aliifungua, akampa aliye karibu amshikie, ndipo akaingia chini ya gari. Mama alikuwa na msemo wake: "Baba yenu akivua saa, musimuite kula."

Hofu yangu ilianza siku ya kubana resori. Resori haiingii mahali pake mpaka ifupishwe kwa nguvu, nao waliifunga kwa minyororo na kuikaza kidogo kidogo. Ilikuwa inalia, mlio mwembamba wa meno. Baba alitufukuza wote.

"Musisimame mbele yake," alisema. "Resori yenye kubanwa iko kama mutu mwenye kukasirika na kunyamaza. Haujui atasemea wapi."

Nilikimbilia nyuma ya pipa la maji na nikabaki pale hata baada ya resori kukaa salama. Niliwaza: kumbe nitakalishwa juu ya watu wanne waliokasirika na kunyamaza.

Kisha akaja Fundi Kalonda. Huyu alitengeneza pikipiki upande wa pili wa njia, na kila alasiri alivuka kuja kunywa chai yetu na kuikosoa kazi yetu. Aliinama, akachungulia chini ya Mbogo, akacheka kwa pua.

"Ramazani, ndugu yangu," alimwambia Baba. "Uko unajua, lamu iko kama mama. Inabeba, na tena inashika. Gurudumu haiwezi kwenda fasi yoyote, mama ameishika. Sasa hii resori iko kama baba. Inabeba tu. Kushika haijui."

Wanaume wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mama alikuwa mlangoni mwa jiko akichambua sombe, majani ya mihogo. Hakuinua kichwa.

"Basi mutafute kwanza mama ya hiyo motokari," alisema. "Mbele ya kumupandisha mutoto wangu."

Kicheko kikapungua. Baba akamwonyesha Kalonda mikono miwili mirefu ya chuma iliyotoka kwenye shasi, yaani mifupa ya chini ya gari, hadi kwenye mhimili wa magurudumu. "Hii njo inashika," alisema; njo kwetu ni ndiyo. "Haiende mbele, hairudi nyuma."

"Na pembeni?"

"Pembeni iende wapi?"

Baba alijibu kama mtu aliyeulizwa jua litatua upande gani. Na Kalonda hakuendelea, kwa sababu yeye alikuwa mtu wa pikipiki, na pikipiki haina pembeni. Wote wawili wakainua vikombe vyao. Lakini mimi neno lile lilinishika. Pembeni. Shuleni nilichora magurudumu kwenye kila ukurasa na yote yalikuwa yanakimbia pembeni. Rafiki yangu Mapenzi, niliyekaa naye dawati moja, alinisikiliza kwa huruma kubwa, kisha akaniambia, "Sakina, ukikufa, ile kalamu yako ya rangi mbili unipatie mimi. Usipatie Feza."

Siku Mbogo aliposhushwa chini, vijana walimwosha, kisha wakamsukuma kutoka kivulini. Hapo ndipo tulipoona. Mwili wa gari uliyumba juu ya magurudumu, kushoto, kulia, kushoto, hata aliposimama.

"Mbogo amejifunza kucheza," Musafiri alisema, naye akakata kiuno mbele ya taa za gari. Watu wakapiga makofi. Koko Zaituni mwenyewe alipiga makofi. Mimi nilikuwa mfupi, macho yangu yalikuwa sawa na magurudumu, na niliona jambo ambalo wao hawakuliona: tairi la nyuma lilichomoza nje ya mwili wa gari kama ulimi, likarudi ndani, likachomoza tena.

Nilimwendea Mama. Nilimwambia sitaki kupanda. Alinivuta katikati ya magoti yake, mikono yake ikinuka sombe na kitunguu.

"Ukikataa," alisema, "mji yote itasema Fundi Ramazani haamini mikono yake."

"Na nikipanda?"

Aliirudia sombe yake. Jioni, Baba alipokuwa ananawa, Mama alimwuliza jambo moja tu. "Ulivua saa?"

"Nilivua."

Mama akapakua chakula.

Tuliondoka asubuhi, umande bado uko juu ya majani ya mihogo. Baba alishika usukani, mimi nilikuwa katikati, Koko Zaituni upande wa mlango juu ya mito miwili, na Musafiri nyuma na mizigo, pamoja na sufuria kubwa ya pilau ya dada mgonjwa, iliyofungwa kwa kikwembe. Mama alisimama kando ya njia. Hakupunga mkono. Nilimtazama kwenye kioo mpaka vumbi likamla.

Mwanzoni Koko alikuwa kama bibi harusi. Tulipita mashimo, naye akapanda na kushuka polepole, mikono tumboni.

"Hii sasa njo kitanda," alisema. "Ramazani, Mungu akupe."

Lakini kila tulipokunja kona, nyuma ya Mbogo ilichelewa. Kichwa kilikwenda kulia, kiuno kikabaki kikifikiri, kisha kikaja ghafla, na kikapitiliza. Kulikuwa na sauti pia, kwaa, ya mpira kusugua chuma. Niliisikia kila mara kabla haijatokea, maana tayari nilikuwa naingoja. Nilimtazama Baba usoni. Aliacha kuzungumza tulipopita Lusangi. Taya lake lilikuwa linatafuna, na kinywani hakukuwa na kitu.

Baada ya Lusangi kuna mteremko mrefu wa udongo mwekundu, na mwisho wake kijito chenye daraja la magogo. Mnayajua madaraja yetu: magogo ya gurudumu la kushoto, magogo ya gurudumu la kulia, na katikati maji unayaona. Dereva hulenga, kisha haombi kitu kingine isipokuwa gari lake liende linakoelekezwa. Tulipoteremka, Mbogo alianza kukata kiuno peke yake, bila kona. Kushoto, kulia. Kwaa. Baba alikanyaga breki na nyuma ikaja kando yetu kana kwamba inataka kutupita. Ukingo wa njia ukaja kwenye dirisha la Koko, nikaona vilele vya miti mahali ambapo ningepaswa kuona mashina. Sikulia. Nilimkamata Koko kwa nguo.

Gari likasimama kwa mshazari, pua yake ikilitazama daraja. Injini ikazimwa. Kwanza tulisikia maji tu.

"Musafiri," Koko alisema, bila kugeuka, "ile pilau ingali ndani ya sufuria?"

"Ingali, Koko."

"Basi hatujafa."

Baba hakucheka. Aliteremka, akalizunguka gari, akarudi dirishani. Akafungua saa. Akanyoosha mkono mbele ya Koko na kuniwekea saa ile kiganjani, ya moto kwa jasho lake, kisha akatoweka chini. Sikuwahi kumwona akivua saa njiani. Nilijua maana yake. Niliishika kwa mikono yote miwili na nikaanza kuogopa upya, kwa namna nyingine. Mpaka dakika ile nilikuwa naliogopa gari. Sasa nilikuwa naogopa kwamba Baba hajui.

Alikaa chini muda mrefu. Alipotoka, mgongo mzima ukiwa mwekundu, alimwambia Musafiri kwa sauti ndogo, "Kuna sikio hapa haina kitu."

Sikio ni kile kipande cha chuma chenye tundu, pa kufungia kitu. Lilikuwa kwenye mhimili wa nyuma. Alikuwa ameliona garajini, akadhani ni la kitu kisichotuhusu, kamba ya breki au nini. Sasa alikuwa anakitafuta kitu chenyewe, na hakujua umbo lake. Akakaa kwenye nyasi, akichora kwa kijiti kwenye udongo, akifuta, akichora.

Pikipiki zilipita, za wachimbaji kutoka Salamabila. Moja ilipunguza mwendo kuvuka daraja. Kijana wa nyuma alikuwa amefunga mutalimbo begani, ule mtaimbo wa kupasulia mawe. Ncha moja ilikuwa imenolewa. Ncha ya pili ilikuwa na pete nene ya chuma.

Baba akasimama. "Weye, kijana. Simama kidogo. Hiyo mutalimbo ulitoa wapi?"

"Hii? Salamabila, fundi. Kule watu wengi wako nayo. Iko mufupa ya motokari. Inapasua jiwe kama muhogo."

"Motokari gani?"

"Si zile zinakufa kule. Mutu anatoa hii chuma ya kwanza, mbele hata ya tairi. Inakaaga chini, imelala hivi." Akaonyesha kwa mkono: kutoka upande mmoja wa gari hadi upande wa pili. Pembeni.

Nilimwona Baba akikaa tena, safari hii katikati ya njia. Mzoga wetu ulifika Kasongo ukiwa umeshaporwa mfupa mmoja, na mfupa huo ulikuwa unachimba dhahabu. Naye Baba, ambaye hakuwahi kuona gari la namna ile likiwa hai, alihesabu mifupa iliyobaki akadhani imetimia.

Kijana hakutaka kuuachia mtaimbo wake. Ndio ulikuwa jembe lake, alisema, na bila huo atachimba kwa kucha? Baba alikuwa anatafuta maneno ya kumbembeleza, Koko akatoa kichwa dirishani.

"Weye mutoto wa watu, ulikula lini?"

Kijana akatupa jicho kwenye mizigo.

"Chuma yako hailiwi. Musafiri, fungua sufuria."

Ndivyo tulivyoupata mfupa wa Mbogo, kwa pilau ya mgonjwa. Kijana na mwenzake walikula hapohapo, na kijana akala akiutazama mtaimbo wake kama mtu anayemuuza mbuzi aliyemlea. Baba alikuwa hatupi kitu: nyuma ya kiti kulikuwa na gunia la bridi, zile pingu za chuma zilizokuwa zinazifunga lamu za zamani. Akafunga pete ya mtaimbo kwenye sikio lile tupu. Ncha ya pili akaibana kwenye shasi kwa bridi za lamu, juu ya mikanda minene ya mpira wa tairi, ili ishike lakini isivunjike. Kisha wakamsukuma Mbogo begani. Hakucheza.

Lilibaki daraja. Musafiri alivuka kwa miguu. Baba akaja dirishani.

"Koko, shuka. Tutakushikilia."

"Magoti yangu yalishapanda," Koko alisema. "Hayashukake mara mbili siku moja."

Ndipo Baba akanitazama mimi. Uso wake ulikuwa umepakwa matope, macho ndiyo peke yake yaliyokuwa safi.

"Sakina. Leo naweza kukushusha. Desturi itatusamehe."

Sasa nitawaambia ninyi jambo ambalo nyumbani hawalijui, maana Omari bado anasimulia kwamba dada yake alikuwa shujaa. Nilitaka kushuka. Nilikuwa nimeshaamua kushuka. Miguu ndiyo iliyokataa. Ilikuwa si yangu tena. Nikafungua mdomo na sauti haikutoka. Nikainamisha kichwa kutazama saa, na Baba akadhani nimeitikia.

Akasimama akinitazama. Kisha hakupanda. Akachukua spana, akarudi chini, ingawa alikuwa ametoka huko sasa hivi na kazi ilikuwa imekwisha. Nilisikia spana ikigonga bolti moja baada ya nyingine, ting, ting, polepole, na baada ya kila pigo kimya kidogo, kama daktari anayesikiliza kifua. Bolti moja ililia vibaya, tong. Akaikaza. Akaanza tena tangu mwanzo.

Tukavuka. Magogo yalilia, harufu ya maji na majani yaliyooza ilipanda kwenye nyufa za sakafu. Koko alisoma dua, na katikati ya dua akamtukana Musafiri kwa kusimama vibaya huko mbele, akarudi kwenye dua palepale alipoachia. Nilihisi kiuno cha Mbogo kikijiandaa, kikianza kwenda kushoto, na nikahisi kitu chini yangu kikikishika. Sitaisahau hisia ile. Ni kama kushikwa nguo na mama ukikaribia kisima.

Tulifika Kabambare jua likiwa limelegea. Koko alishushwa na wanaume na kuingizwa ndani, sisi tukabaki mlangoni. Dada yake alikuwa mdogo kitandani kama nguo iliyosahauliwa. Alifungua macho.

"Umechelewa, Zaituni."

"Nilikula njiani pilau yako," Koko alisema, na akapanda kitandani pale pale, kiuno kibovu na yote, akalala kando yake.

Nje Baba alinyoosha mkono kuchukua saa. Mkono ulikuwa unatetemeka hata hakuweza kuifunga. Nikamfungia mimi. Nilidhani ni uchovu wa usukani. Kwa mtoto, mkono wa baba hutetemeka kwa kazi tu.

Miaka imepita. Koko na dada yake wote wametangulia, na Mbogo alimaliza umri wake akivuta magogo. Baba ana mvi, na vijana wanaokwenda Salamabila wanamletea magari yao ya zamani ayatoe fimbo. Gari la wiki hii lina mfupa wake wa pembeni. Baba huuweka wa kwanza siku hizi, na huusifu kama mtoto aliyefaulu. Sina shaka na mfupa ule. Shaka yangu ni juu ya kile ambacho bado hatukijui. Nimemwona akiingia chini ya gari na saa mkononi, akapiga mluzi, akatoka upesi, akasema tayari. Na jana akasema leo Neema atapanda mbele. Neema ni binti wa Omari, meno yake ya mbele yameng'oka, na alishachagua gauni. Neema hakuogopa hata kidogo. Baba naye hakuogopa. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Nilipindua maneno kichwani siku nzima. Nikisema hapana, Fundi Kalonda, ambaye bado anavuka njia kuja kunywa chai yetu, atakuwa na hadithi ya mwaka mzima: binti msomi haamini mikono ya baba yake. Nikisema Neema ana homa, Neema mwenyewe atanikana akiruka kamba. Nikisema ndiyo, nitasimama kando ya njia kama Mama. Na nilipokuwa nawaza hivyo, nikamwona tena Baba pale darajani, akinitazama, kisha akichukua spana. Siku zote nilidhani mtoto huwekwa mbele ili mwenye gari aamini. Lakini Koko alikuwa ameshaamini tangu Kasongo, alipiga makofi. Mtoto hakuwekwa kwa ajili ya mwenye gari. Aliwekwa kwa ajili ya fundi. Ili fundi aogope.

Leo asubuhi gari lilikuwa linaunguruma, Neema ameshakaa, miguu haifiki chini. Nilifungua mlango.

"Shuka, mama. Weye uko mujukuu. Mimi njo mutoto wa fundi."

Wanaume wakacheka. "Huyu atapasua kiti," Kalonda alisema. Neema alishuka akinuna. Nikapanda, nikafunga mlango, na miguu yangu ikaanza ile tabia yake ya zamani.

Baba alikuja dirishani, naye akicheka. "Sakina, na huo ukubwa wako?"

"Desturi ilisema mutoto, Baba. Haikusema mudogo."

Nilitoa mkono dirishani, kiganja kikitazama juu.

Alikitazama kiganja. Alikitazama muda, na kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo mpaka kikaisha. Akazima injini. Akafungua saa, akaniwekea mkononi, ya moto vilevile, akaomba spana, akainama kwa taabu ya magoti yake, akaingia chini.

Kalonda akaweka kikombe chini. Kisha nikaanza kusikia: ting. Ting. Ting.